Kiti cha Idris

Juu ya mji mdogo wa Dolgellau, kaskazini-magharibi mwa Wales, kuna mlima unaoitwa Cadair Idris, yaani Kiti cha Idris. Mimi naitwa Idrisa, mtoto wa Tanga, na riziki imenileta kutunza wazee mahali ambapo mlima huo huonekana siku ukungu ukiamua. Majirani zangu Wawelisi wanaona jambo hili linachekesha. Waislamu wenzangu kadhaa wanaona ni ishara. Mimi naona ni sadfa tu, lakini ni sadfa iliyonipatia somo, iliyonigombanisha na watu na iliyonipandisha mlima kwenye upepo wa kung'oa masikio, basi acha niisimulie.

Jina langu lina sababu yake. Baba alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, na katika masimulizi tuliyosomeshwa chuoni, Nabii Idrisa ndiye mtu wa kwanza kushona nguo. Kabla yake watu walijisitiri kwa ngozi za wanyama. Husemwa pia kwamba ndiye wa kwanza kuandika kwa kalamu, na kwamba alipewa elimu ya nyota. Hayo ya kalamu na nyota baba hakuyajali. Alichotaka ni mrithi wa cherehani. Nabii Idrisa, tuliambiwa, kila alipopitisha sindano alisema Subhanallah. Baba, uzi ukimkatikia katikati ya suti ya harusi, alisema mengine kabisa. Cherehani yenyewe sikuirithi, nilibaki na jina.

Uingereza nilianzia London, kubeba boksi kama wengine. Huko jina langu lilikuwa na swali moja tu: "Kama Idris Elba?" Ndiyo, kama yeye. Mwigizaji huyo alizaliwa Hackney mwaka 1972, baba yake akitoka Sierra Leone na mama Ghana, na jina alilopewa ni Idrissa. Lake na langu ni jina moja lililopita pande mbili za Afrika. Tofauti zilizobaki kati yangu na yeye mke wangu hupenda kuzitaja mwenyewe.

Nilipohamia Wales swali likabadilika. Huku jina halikumshangaza mtu. Aliyeshangaza ni mimi. Wakala wa kazi alinipanga kwenye nyumba ya wazee kwa simu tu, na asubuhi ya kuripoti msimamizi alitoka ofisini, akachungulia sebuleni, akanipita, akarudi, akaniuliza kama nimemwona mfanyakazi mpya, Idris, maana anachelewa. Nikamwambia ndiye huyu. Mama wa watu alijishika mdomo. Alikuwa akimngojea mtu mzima wa Kiwelisi, maana kwao hilo ni jina la umri fulani. Lilipendwa sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Wawelisi walipokuwa wakifufua majina ya mashujaa wao wa kale, kisha likapoa. Kukutana na Idris kijana ni kama kukutana na mtoto wa leo wa Sinza anayeitwa Mwinyimvua.

Ndani ya nyumba ile alikuwamo Idris mwingine, mkazi. Kwa sisi watu wa pwani, mwenye jina lako ni somo yako, na usomo una haki zake: unamtania, unamtetea, hupiti mlangoni kwake bila salamu. Nikamweleza hivyo. Alikuwa mzee aliyemaliza ujana wake kwenye machimbo ya yale mawe bapa ya kijivu ya kuezekea, ambayo fundi huyapasua kwa patasi mpaka yakawa membamba kama vigae. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havikunjiki tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafakari, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kama mambo ndiyo hayo, basi soksi zake nimvalishe mimi kuanzia kesho, maana wale wengine wanavuta.

Ndivyo nilivyopata kazi ndani ya kazi. Wenzangu, ili wasituchanganye, wakatuita Idris Mawr na Idris Bach, yaani mkubwa na mdogo. Nilikuwa na uzito mara mbili yake, lakini mkubwa ni mkubwa. Baadaye nikagundua kwamba "bach" wanaitumia pia kwa mapenzi, hata kwa jitu la futi sita, na nikaacha kujitetea.

Somo yangu ndiye aliyenifungua macho kuhusu majina ya kwao, na tulianzia kwenye barua. Pasi yangu ina majina matatu: langu, la baba na la babu. Ofisi za huku zinataka jina la ukoo, zikalichukua la mwisho. Matokeo yake babu yangu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuka Chalinze, anadaiwa bili ya maji Uingereza na kila mwezi anakumbushwa kwa adabu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia kwamba wao walifanyiwa hivyohivyo zamani. Mwelisi wa kale aliitwa kwa jina lake na la baba yake, katikati kukiwa na "ap", ambayo kazi yake ni ileile ya "bin" yetu. Wales ilipounganishwa na Uingereza kisheria, kuanzia mwaka 1536 chini ya Mfalme Henry wa 8, mahakama na daftari zikaendeshwa kwa Kiingereza, na makarani wakataka jina la ukoo lisilobadilika. Polepole ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owain akawa Bowen, ap Harri akawa Parry. Wengine wengi walichukua jina la baba na kulitia "s" mwishoni, ndio hao akina Jones, Davies, Williams na Evans waliojaa kila bonde. Kwa kuwa majina ya ukoo hayatoshi kumtofautisha mtu na jirani yake, wakarudia njia tunayoijua sote: kumwita mtu kwa kazi yake. Yupo Jones wa Maziwa na Jones wa Posta. Mimi nikawa Idris Soksi, na nikitaka kusema ukweli, katika majina yote niliyoitwa Ulaya hilo silichukii.

Mama mmoja mkazi, kila akinisikia nikiitwa, aliagiza soda ya tangawizi. Nilidhani ni utu uzima unamchanganya, kumbe mimi ndiye nisiyejua. Kulikuwa na Mwelisi wa Pembrokeshire, Thomas Howell Williams, aliyeanzisha biashara ya vinywaji London mwaka 1873 na kujiongezea jina la Idris. Soda zake zikauzwa kwa jina hilo, na yeye mwenyewe akaingia Bungeni mwaka 1906. Ukiwa Williams katika nchi ya akina Williams, utamwelewa. Yule mama alikuwa anakumbuka chupa za utotoni.

Kuna Idris mwingine ambaye nilimpenda mara tu nilipomsoma: Idris Davies, mshairi, aliyezaliwa mwaka 1905 Rhymney, bonde la makaa ya mawe upande wa kusini. Nyumbani walizungumza Kiwelisi, Kiingereza akakisomea shule. Akiwa na miaka 14 alishaingia mgodini. Huko alipoteza kidole, ukaja mgomo mkuu wa mwaka 1926, kazi ikakatika, akajisomesha mwenyewe mpaka akawa mwalimu. Mashairi yake ni ya watu walewale: mchimbaji asiye na kazi, mama anayehesabu sarafu dukani, kanisa lenye deni. Kipande chake kimoja, ambamo kengele za miji ya mabondeni zinasemezana, Mmarekani Pete Seeger alikitia muziki, na kundi la The Byrds likakirekodi mwaka 1965, kwa hiyo kuna watu dunia nzima wanaoimba maneno ya mchimba makaa bila kumjua. Alifariki mwaka 1953, hajafika hata miaka 50. Nikampelekea somo yangu habari hizi kwa furaha. Akauliza anatoka wapi. Nikasema Rhymney. Akasema, "Ah, mtu wa kusini," akaomba chai.

Sasa yule mwenye kiti. Yeye ni watu wawili, na hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Wa kwanza ni jitu la hadithi, Idris Gawr, lililokuwa kubwa kiasi cha kuufanya mlima kiti, likaketi usiku kutazama nyota. Msomi wa Kiwelisi, Siôn Dafydd Rhys, aliyaandika masimulizi ya majitu ya nchi yake karibu na mwaka 1600, na Idris yumo. Chini ya mlima, kando ya barabara inayoelekea Dolgellau, kuna kijiziwa kinachoitwa Ziwa la Changarawe Tatu, na wenyeji husimulia kwamba jitu lilihisi kokoto kiatuni, likavua, likazikung'uta. Kokoto zenyewe ni majabali makubwa. Idris wa pili ni mtu wa historia: Idris ap Gwyddno, mtawala wa Meirionnydd, ambaye kumbukumbu za kale za Wales zinasema alikufa mwaka 632 katika mapigano ya mto Severn.

Nilipotuma picha ya mlima kwenye kundi letu la WhatsApp, haikupita jioni ikanirudia kutoka kwa mtu mwingine kabisa ikiwa na maelezo mapya. Mlima ule, yalisema, ni wa Nabii Idrisa. Ushahidi: Surat Maryam inasema aliinuliwa mahali pa juu. Ushahidi wa pili: jitu lilikuwa likitazama nyota, na Nabii Idrisa alikuwa mjuzi wa nyota. Ushahidi wa tatu: Wazungu wanaficha.

Nakiri habari ya nyota ilinisisimua mwili. Mtu asiye na moyo ndiye asiyesisimkwa. Lakini mwaka 632 ndio mwaka aliofariki Mtume Muhammad (s.a.w.). Uislamu ulikuwa bado haujafika Ulaya, na yule mtawala wa Meirionnydd alikuwa ameshaitwa Idris maisha yake yote na baba yake Gwyddno, kwa maneno mawili ya kwao ya kale, moja la ubwana na jingine la hamasa. Majina mawili yalikua kwenye shina mbili na yakaja kufanana matawini. Niliandika hivyo. Nikajibiwa kwamba nimesoma sana mpaka baraka naikataa, na mjomba mmoja wa mke wangu akatoka kwenye kundi kabisa, akarudi Ijumaa.

Sikubishana kwa ubishi. Sisi watu wa pwani tumeshatendwa jambo hilihili. Kwa muda mrefu wasomi wa kigeni waliokuja Kilwa na Gedi walitazama misikiti na majumba ya mawe wakasema wajenzi ni Waarabu au Waajemi, mtu mweusi hapa alikuwa mtazamaji tu. Ilichukua wachimbaji wa mambo ya kale wa baadaye kuonyesha kwamba miji ile ilikua kutoka kwenye vijiji vya wenyeji vya udongo na miti, tabaka juu ya tabaka. Waliotunyang'anya mababu hawakutumia bunduki, walitumia majina yanayofanana na hamu ya kuona vyao kila mahali. Sasa niende mimi Wales, nikute taifa dogo ambalo lugha yake ilipigwa vita shuleni, niwaambie hata jitu lao si lao? Somo yangu alishaniambia kwamba bibi yake alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiwelisi. Mtu wa namna hiyo humwibii Idris wake.

Msikitini Cardiff nilimkuta mzee wa asili ya Yemen aliyenipa upande mwingine wa habari. Mtaa wa Butetown ulijaa mabaharia Wayemeni na Wasomali tangu zama za meli za makaa ya mawe, zilizopitia Aden. Msikiti wao wa mtaa wa Peel ulipigwa bomu na ndege za Wajerumani mwaka 1941 na wakaujenga upya. Wengi walioa Wawelisi. Mzee huyo alisema jina la mtoto lilikuwa mtihani kati ya wakwe, na majina kama Adam, Sara na Idris yaliokoa ndoa, kwa kuwa kila bibi alirudi kwake akijua ameshinda. Hakuna aliyeuliza shina. Huo ndio usomo ninaoutaka mimi.

Mlima niliupanda na mwenzangu wa kazini, Mfilipino, kwa njia ya Minffordd. Urefu wake ni mita 893, na nilipousikia nilicheka, maana Lushoto mjini penyewe, penye soko na stendi, ni juu kuliko kilele hicho. Ila Lushoto unapandishwa na basi. Hapa unaanzia chini kabisa, karibu na usawa wa bahari, kwa ngazi za mawe zilizolowa katikati ya mialoni yenye kuvu la kijani mpaka kwenye matawi, na kijito kinakupigia kelele ubavuni njia nzima. Miti inaisha ghafla. Mbele kuna bakuli kubwa la jabali lililochongwa na barafu ya kale, na ndani yake ziwa Llyn Cau, maji meusi yasiyotikisika ingawa juu upepo unavuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walihitaji jitu. Jabali lina mgongo, lina mikono miwili, na pale katikati ni pa kukalia hasa.

Kileleni kuna kibanda cha mawe cha kujikinga. Tulikula mikate yetu humo na vijana wa Birmingham ambao mmoja alikuwa amevaa malapa. Wakatuambia lile linalosemwa na kila mtu: ukilala usiku mmoja juu ya Cadair Idris, utaamka ama maiti, ama mwendawazimu, ama mshairi. Natoka Tanga, malenga ninawajua, na naona mbili za mwisho zingeweza kuhesabiwa moja. Lakini kwa Wawelisi si utani mtupu. Kwenye Eisteddfod, tamasha lao kuu la taifa, mshindi wa ushairi wa arudhi za kale hutunukiwa kiti, kiti hasa cha mbao kilichochongwa, na kuketishwa mbele ya umma. Mwaka 1917 jina la mshindi liliitwa, hakuinuka mtu: Hedd Wyn, mchunga kondoo wa Trawsfynydd, kaskazini kidogo ya mlima huu, alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji wiki chache kabla. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi, na hata leo kinaitwa Kiti Cheusi. Nchi inayowalipa washairi viti, ukipanda mlima wake uitwao kiti huwezi kuchukua hadithi ya kulala kijuujuu. Hatukulala. Mawingu yalifunguka kwa dakika kadhaa tukaona mlango wa mto Mawddach na daraja refu la reli la Barmouth likikatiza mchanga, kisha yakafunga, tukashuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu.

Jioni ile somo yangu aliuliza kama nimekaa kitini. Nikasema nimekaa. Akauliza kama nilivua viatu nikung'ute kokoto. Nikasema hapana, akasikitika kwamba nimekwenda bure.

Alifariki majira ya baridi. Mazishi yalikuwa kwenye kanisa dogo lisilo na pambo lolote, ibada yote kwa Kiwelisi, wimbo ukiimbwa kwa sauti nne na watu ambao ukiwaona dukani huwezi kudhani kama wana sauti. Mchungaji alizungumza kwa muda mrefu, na neno nililolidaka kila mara lilikuwa jina langu. Idris alifanya hivi, Idris alisema vile, watu wanatabasamu, wanafuta macho. Nimewahi kuhudhuria mazishi mengi. Mazishi ya jina langu yalikuwa hayo. Nilimsomea Inna lillahi kimoyomoyo. Binti yake alinikalisha safu ya familia, na alipoulizwa mimi ni nani alisema kwa Kiwelisi jambo nililotafsiriwa baadaye: huyu ndiye Idris mwingine. Kaburi lake lina jiwe la machimbo yaleyale aliyoyafanyia kazi.

Mke wangu alipojifungua binti, jina tulilipata bila safari ya Yemen wala ya WhatsApp. Tulikubaliana Nia. Mkunga, Mwelisi, alifurahi tumechagua jina la kwao. Ni umbo la Kiwelisi la jina la Kiayalandi Niamh, na madarasani huku akina Nia hawakosekani. Nilimwambia hata kwetu ni neno, akasema vizuri, akaandika. Usiku nikampigia mama Tanga, simu ikashika baada ya kukatika mara kadhaa, nikamwambia mjukuu anaitwa Nia.

Kimya kidogo upande wa pili.

"Nia," akasema mama. "Ya kufanya nini?"